Mashine Isiyokosea

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unaendelea vizuri, na kwamba mgongo umeanza kukuruhusu kukaa bila kuegemezwa mito. Shemeji hajambo? Wanangu nao, bado wanagombania nani akuletee maji ya kumezea dawa? Mimi ni mzima, ila nimechoka, dada, tena sana. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu ninalotaka kukuambia ni refu, tena ni zito kulisema kwa mdomo.

Uliponiachia kiti chako cha kupanga mikate, uliniambia nikikalie tu mpaka upone, nisikizoee. Sijakizoea. Kila alfajiri ninapoketi kugawa idadi ya mikate ya kila duka, najua nimekaa mahali pa mtu.

Sasa habari za kiwandani. Bosi alirudi kutoka kwenye mkutano wa wafanyabiashara akiwa na homa ya kompyuta. Alisema kiwanda kinachogawa mikate kwa kichwa cha mtu kimepitwa na wakati, akaunda kamati ya kuchagua programu: yeye, mhasibu, fundi wa kompyuta na mimi. Programu ya kwanza iliganda kila mtandao ulipokatika. Mtunza stoo alipolalamika kikaoni, Bosi alimuuliza mbele ya watu kama anaogopa maendeleo au anaogopa kazi. Tangu siku hiyo kila mtu akaufyata.

Ya pili ililetwa na muuzaji ambaye madereva walimbatiza Bwana Tai, maana hakuilegeza tai yake ya shingoni hata alipoingia chumba cha tanuri. Alituahidi kuwa mashine itasoma mauzo ya jana na kupanga mikate ya leo yenyewe. Bosi akaamua ijaribiwe mwezi mzima. Mimi nichape karatasi za madereva kutoka kwenye mashine, na mhasibu ahesabu mikate inayorudi imelala na maduka yanayolalamika kukosa.

Majaribio yalikwenda vizuri ajabu. Mikate iliyorudi haikujaza hata gari dogo, na hakuna duka lililolalamika. Mhasibu alitabasamu, na unajua jambo hilo lilivyo adimu. Juzi kikao kiliipitisha programu, Bwana Tai akapigiwa makofi, na papo hapo Bosi akatangaza kuwa kiti cha kupanga mikate kimefutwa. Mimi nihamie mapokezi. Nilipomuuliza kuhusu wewe, alisema utaandikiwa barua nzuri ya shukrani.

Dada, kikulacho ki nguoni mwako. Mashine ile haikufanya vizuri hata kidogo. Ni mimi. Duka likifungwa siku moja kwa msiba, kesho yake mashine hulipangia sufuri, na sufuri huzaa sufuri. Jingine likiuza sana kwa sababu ya harusi ya jirani, kesho yake hurundikiwa mpaka mlangoni. Siku ya kwanza nilirekebisha duka moja kabla ya kuchapa. Niliwahurumia wenye maduka, na niliogopa kuulizwa swali lile aliloulizwa mtunza stoo. Kesho yake nikarekebisha mengine. Mwishowe nikawa napanga karibu yote upya, kama ulivyonifundisha, na sifa zikaenda kwa mashine. Sikujua kuwa nilikuwa nakivunja kiti chako kwa mikono yangu mwenyewe. Nisamehe, dada. Naumia kila nikikumbuka.

Jana nilimwendea Bosi nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa upole, akanionyesha ripoti ya mhasibu, akasema takwimu hazisemi uongo. Eti ni uchovu tu unaonisumbua, nichukue likizo ya wiki nzima kuanzia Jumatatu, karatasi zitachapwa na mwenzangu wa mapokezi kama zinavyotoka kwenye mashine. Nilitaka kubishana. Kisha nikakumbuka kuwa kweli nimechoka, nikamshukuru, nikasaini.

Kwa hiyo Jumatatu nitalala mpaka jua lichomoze, na magari yataondoka na hesabu za mashine. Liwalo na liwe.

Msalimie sana shemeji, na wanangu waambie mama yao mdogo anakuja kuwaona. Wewe fanya mazoezi ya mgongo bila uvivu. Wiki hiyo weka simu yako karibu, na Bosi akipiga, usipokee mara ya kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
ninayekushikia kiti.