Tangi Lililowashinda Marubani

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni, nimekifunika. Usihangaike na bomba, maji hakuna.

Ulipotoka tu, akaja mkaguzi wa uwanja wa ndege. Nyumba haina kosa. Kosa ni tangi letu la juu ya paa: limevuka kimo kinachoruhusiwa huku zinakopita ndege. Nikamweleza ulilipandisha ili tu lilipite la kaka yako. Alicheka mpaka futi ya kupimia ikamponyoka. Hongera, sasa hata marubani wanakufahamu! Mafundi wake wamelishusha, limelala uani, kavu.

~~Mpigie kaka yako umwombe maji.~~ Basi, acha, najua utakufa na uchafu wako. Mimi na watoto tumekwenda kuoga kwake.

Taulo lako nimelibeba.

Mama watoto