Nimechimba Kwenye Msingi Wako

Kasuku, Kindu
Tarehe 9 Desemba 1979

Mpendwa yaya Mwanahamisi, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Habari ya afya huko Lubumbashi? Shemeji Masudi na watoto ni wazima? Sisi hatujambo, na mama pia, ingawa miguu yake ndiyo ile unayoijua. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Leo naimaliza.

Mwezi wa kumi choo chetu cha zamani kiliporomoka kwa mvua, mama akiwa ndani. Alishikilia mlango, mguu mmoja ukining'inia shimoni, mpaka nikamvuta. Tangu siku hiyo akawa anakwenda kwa jirani, mama Emerance, akijikongoja na fimbo. Nikaamua kujenga choo cha kumwagia maji, chenye fosi, yaani shimo la kupokea uchafu, karibu na chumba chake.

Mzee Onema, aliyekuwa ajenti wa hijieni, mkaguzi wa afya, alinikataza kuanza kabla ya kupima udongo, maana maji yanayotoka kwenye fosi lazima yanywewe na ardhi. Tulichimba kishimo nyuma ya jiko, tukakijaza maji jioni ili udongo ulowe, asubuhi tukajaza tena na kusimamisha kijiti chenye alama. Mpaka adhuhuri maji yalikuwa yameshuka vidole viwili tu. Ule ni udongo wa kufinyangia vyungu. "Hapa uchafu itarudi juu," akasema mzee.

Tukapima kando ya uzio wa mama Emerance. Pale ni mchanga mtupu. Maji yalipotea kabla sijanawa mikono. Nikafurahi, lakini mzee akatikisa kichwa. "Maji yenye kukimbia hivi, udongo hauichuji. Kisima yake iko pale, hatua kumi. Unataka kumunywesha jirani choo ya mama yako?"

Pakabaki mbele, kwenye mawe ya msingi wa nyumba yako, ile uliyotaka kuijenga. Hapo maji yalishuka vidole vitatu kwa nusu saa, taratibu, kama inavyotakiwa. Nilipima siku tatu mfululizo nikitumaini kwamba nimekosea.

Mama alikataa. "Usiguse mawe ya mutoto wangu. Akirudi atakaa wapi?" Nikakuandikia, lakini treni ikakwama njiani, na wiki nne zikapita bila jibu. Kila siku nilikwenda gare kuuliza kama treni imefika. Nikirudi, nashika chepeo la kuchimbia, naliweka chini, nalishika tena.

Kisha alasiri moja ya mvua mama aliteleza akitoka kwa jirani. Hakuita mtu. Mama Emerance alimkuta amekaa kwenye tope, nguo imechafuka, analia kwa aibu. Yaya, hata siku tuliyomzika baba sikumwona mama akilia.

Kesho yake nikachimba. Sikumwomba mtu ruhusa. Mama alitoka na kiti chake, nikajua ananifukuza. Akakaa. Alinitazama nikiondoa jiwe la kwanza, halafu akasema, "Hayo mawe mupange nyuma ya jiko. Ninayahesabu."

Yako pale yote, arobaini na moja. Mzee Onema anasema nyumba inaweza kusimama hapo, tukichimba msingi wa kina zaidi.

Ijumaa mama alikwenda chooni peke yake kwa mara ya kwanza. Alikawia mpaka tukaogopa, tukagonga. "Muniache," akajibu kutoka ndani, "ninafurahia mulango."

Nilicheka, lakini bado situlii. Naamka, natazama pale mbele, naona nimekufukia. Kama umekasirika, nikasirikie mimi, si yeye. Niandikie hata maneno mawili, hata ya matusi.

Mke wangu Riziki anakusalimu, na mjomba Asumani, na mama Emerance. Mpe shemeji mkono wangu. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema yake, na akufungulie njia ya kuja. Mama anauliza kila jioni kama umejibu. Namwambia treni bado. Jana treni ilifika, bila barua yako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikukosea,

Abedi