Ubongo Usio na Mwenyewe

Mama, shikamoo. Nakusalimu kutoka kwenye baridi ya Tukuyu, ambako mvua inapiga mabati tangu asubuhi na ndizi ni tamu kuliko zetu.

Tumekuja kuwaonyesha madaktari programu ya bosi wangu, inayosoma picha za kichwa na kupima kama ubongo wa mgonjwa umesinyaa. Mimi niliijaribu kwa picha za ubongo nilizozitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta. Ubongo huo si wa mtu yeyote, lakini ukubwa wake naujua. Sikuupunguza hata kidogo, programu ikasema umesinyaa.

Wakati wa chakula bosi akaniinamia. "Hizo picha za kubuni usizionyeshe. Hakuna mgonjwa humo."

"Kwa mgonjwa hatuna namna ya kuujua ukweli, bosi," nikamjibu. "Humu tunaujua. Nitazionyesha."

Na nilizionyesha, mama, mbele ya ukumbi mzima. Muuguzi mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Masoko hapa jirani, akauliza, "Kwa hiyo ingeniambia ubongo wa mama yangu unakwisha, naye mzima?"

"Ndiyo, sista. Ingekuambia hivyo."

Bosi anataka niombe radhi mbele ya watu, la sivyo nisipande gari lake kurudi. Siombi. Madaktari wamekataa kuitumia programu mpaka irekebishwe, na kesho naanza kuirekebisha, atake asitake.

Usiniombee nisifukuzwe kazi, mama. Niombee nisirudi nyuma. Nakuletea majani ya chai, na nimekukumbuka mno.

Mwanao, Upendo