Punje Niliyoitia Mfukoni

Deo, ndugu yangu,

Nimemaliza gemu. Najua hilo ndilo ungeniuliza kabla hata ya salamu, kwa hiyo nimelitanguliza. Nilikaa peke yangu kwenye kile chumba cha nyuma ya duka la baba, Jumapili baada ya ibada, saa yetu ileile. Pedi yako, ile yenye kitufe kinachonata, niliiweka kwenye kiti chako. Usinicheke.

Hapa Ihanda mambo yanakwenda. Pikipiki yako anaiendesha binamu yako na haioshi, ungeiona ungelia. Yule mwalimu uliyekuwa ukimpeleka shule kila asubuhi bado anakuja dukani kuuliza Deo yuko wapi, halafu anakumbuka, ananiomba radhi, anaondoka bila kununua alichofuata.

Turudi kwa Kamanda wetu. Msimu mzima wa masika tulibishana juu yake. Viumbe wa sayari nyingine wanashuka duniani, stelingi anapambana nao, kumbe adui mkuu ni binadamu mwenzetu, huyo Kamanda: mzee mwenye koti refu, aliyejua watatua wapi kabla mitambo yote haijawaona, akawaficha. Mimi mwenye Kiingereza cha kuungaunga ndiye niliyekuwa nakutafsiria maandishi. Nikakwambia imeandikwa wazi: ameiuza dunia ili apewe kiti. Tamaa tu. Wewe ukatikisa kichwa. Ukauliza, kama ni tamaa, mbona hana hata walinzi? Mbona kila wakishuka yeye anakwenda kuwalaki mikono mitupu? Siku koti lake lilipofunguka ukasimamisha picha, ukasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, ukaweka kidole kwenye kovu dogo kando ya kitovu chake.

"Huyu alichanjiana na mmoja wao," ulisema. "Ni omukago. Hawezi kumtoa."

Nilicheka, Deo. Mbele ya wateja waliojazana mlangoni nikakwambia uache ushamba, hao viumbe wa angani omukago, undugu wa damu, wataujulia wapi, na kahawa ya kulishana wataitoa wapi. Wote wakacheka. Wewe ukaendelea kubonyeza.

Na habari za babu yako nilikuwa nazijua. Ulishanisimulia alivyovuka mto akitokea Rwanda, hana kitu, na Mnyambo mmoja akampokea, kwa sababu enzi za biashara ya ng'ombe walikula kahawa pamoja, kila mmoja punje yenye damu ya mwenzake. Majirani walimwita yule mwenyeji msaliti, eti anaficha mtu asiyejulikana. Hakumtoa. Bila yeye usingezaliwa. Hukuwa unabishana juu ya gemu, nami nilielewa, na bado nikacheka.

Jumapili iliyofuata ulinichukua hadi kwa mama yako tukakate mkungu wa ndizi. Nilidhani bado umenuna. Ukachuma tunda moja jekundu la kahawa, ukaliminya, punje mbili zikatoka.

"Kula moja," uliniambia. "Damu tuiache, siku hizi damu ina mambo mengi."

Yako ukaitupia mdomoni. Mimi nikaitazama yangu. Nikamfikiria mama yangu, nikamfikiria mchungaji na mahubiri yake juu ya mambo ya kimila, nikasema nitakula baadaye, nikaitia mfukoni. Hukuniuliza tena. Hata siku moja. Suruali ikafuliwa, punje ikaenda na maji.

Kisha figo zako. Wiki tatu tu. Nilikuletea uji wodini, tukaongea mpira, tukamwongelea Kamanda, na lile la kahawa nikawa nalizunguka. Nilijiambia bado una muda. Sijui nani alinidanganya kwamba una muda.

Siku ya mazishi nilimwamkia mama yako shikamoo. Alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, Deo aliniambia mlikula kahawa. Ni kweli?"

Nikasema ndiyo, mama.

Tangu siku hiyo mimi ni mwanawe. Ananitambulisha hivyo kwa watu wa jumuiya yake, ananiwekea chakula, ananigombeza kwa nini sioi. Na kila akiniita mwanangu, natamani ardhi ipasuke.

Basi, mwisho wa gemu. Kamanda anasimama mlangoni mwa chombo chao, hana silaha, na stelingi anatakiwa kufyatua. Sikubonyeza. Nilikaa hivyo mpaka kidole kikafa ganzi, hadithi ikaendelea yenyewe. Chombo kikapaa, wenzi wa stelingi wakampiga Kamanda risasi. Akasema maneno machache ya Kiingereza, nikakitafsiria kiti chako kwa sauti: "Nilikuwa nimeahidi." Alimwahidi nani, hawasemi. Nilirudisha nyuma mara nne nikitafuta kovu kwenye matumbo ya wale viumbe. Wamevaa vyuma mpaka shingoni. Kwa hiyo ushindi kamili sikupi, mzee. Ila kwenye tamaa nilikosea. Mtu wa tamaa hafi vile.

Jana nilikwenda kumsaidia mama yako kuchuma kahawa. Alipoingia ndani kufuata gunia, nikachuma tunda moja, nikasogea kaburini kwako, nikaliminya. Zikatoka mbili. Moja nikaimeza nzima, ikateleza vibaya, kidogo inipalie, ungefurahi kweli. Ya pili sikujua niipeleke wapi, maana yako ulishakula. Nikaifukia hapo pembeni yako.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama na gunia mkononi, ananitazama ninavyokohoa. Akaniuliza nakula nini. Nikamwambia kahawa, mama. Akalitazama ganda jekundu mkononi mwangu, na ule udongo niliofukua. Kisha akasema, "Haya, mwanangu, tuendelee kuchuma," akanipa upande mmoja wa gunia niushike.

Deo, nisamehe ile siku ya kicheko, na huo mwaka mzima niliokaa bila kula punje yako. Kila msimu wa kuchuma nitakuwepo. Paa la mama likivuja, nitapanda mimi. Na yeyote atakayesema mbele yangu kwamba Kamanda aliiuza dunia, nitamkalisha kwenye kiti chako nimweleze habari za babu yako tangu mwanzo.

Lala salama, ndugu yangu. Nimekuita hivyo miaka yote. Leo ndiyo mara ya kwanza sidanganyi.

Wako,
Erasto