Niliandika Watano, Mama Mdogo Aliwaokoa Watatu

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba uisome barua yangu mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu mwanzo wake ni wa furaha na ubaya umekuja baadaye, na ubaya huo nimeuleta mimi mwenyewe kwa kalamu yangu. Mimi ni msichana wa kidato cha pili, na ndiye mhariri wa gazeti la ukutani la shule yetu, yaani zile karatasi tunazoziandika kwa mkono kila Jumatatu na kuzibandika kwenye ubao wa langoni ili wanafunzi na wapita njia wasome.

Mama yangu mdogo ni askari, koplo, dereva wa gari la wagonjwa la jeshi. Mwezi uliopita alivishwa nishani ya ushujaa, na sisi tulisikiliza sherehe hiyo redioni, sebule imejaa majirani hadi wengine wakakalia mikono ya viti, na mtangazaji akasoma maelezo yake taratibu nami nikayaandika daftarini, kwamba msafara wao ulishambuliwa ukivuka daraja, kwamba gari lililokuwa mbele yake, lenye askari watano, lilipinduka na kushika moto, kwamba yeye aliteremka akaenda huku risasi zikigonga vyuma vya daraja, akamvuta mmoja hadi kwenye gari lake, akarudi akamvuta wa pili, akarudi tena akamvuta wa tatu, na alipogeuka kwenda mara ya nne tangi la mafuta likalipuka. Baba, ambaye hawezi kukutana na mama mdogo bila kumtania kwa kuwa ni shemeji yake, alisimama wima katikati ya sebule kama anapigiwa wimbo wa taifa, na hakuna aliyemcheka.

Nataka ujue kwamba nilisikia vizuri. Niliandika watatu na nikapiga mstari chini yake.

Siku iliyofuata nilikuwa nainakili habari hiyo kwa ajili ya gazeti, na mwenzangu mmoja tunayemwita Kasuku, kwa kuwa hanyamazi hata kwenye mtihani, akaja akaisoma juu ya bega langu.

“Watatu tu?” akasema. “Mjomba wangu wa zimamoto aliwatoa wanne ghorofani, na hakupewa hata cheti.”

“Kwani mjomba wako alikuwa anapigwa risasi?” nikamuuliza.

“Hapana, lakini wanne ni wanne. Hesabu haina undugu.”

Darasa zima likacheka, uso ukaniwaka, na nilipoufikia ule mstari kalamu yangu ikaandika watano, kwa sababu niliwaza kwamba garini walikuwa watano, na mama mdogo alikuwa anakwenda kuwachukua wote, na lau lile tangi lingesubiri dakika chache ingekuwa kweli, kwa hiyo si uongo mkubwa sana. Lakini nilijua ni uongo, Mshauri. Namba yenyewe niliiandika kwa wino mwekundu.

Kuanzia hapo mambo yakanikimbia. Mkuu wa shule aliisoma habari yangu, akafuta machozi kwa tai yake, akatangaza kwamba shule itamwalika mama mdogo Ijumaa ya wiki ijayo, kisha akamwita fundi wa mabango achore ukuta wa nje unaotazama barabara. Fundi amechora mama mdogo mrefu kuliko lango, amembeba askari mmoja begani, na nyuma yake vivuli vinne vya askari wengine, na juu ameandika kwa rangi ya mafuta: SHUJAA WETU. ALIWAOKOA WATANO. Nilikuwa nimesimama hapo akipaka. Alinikonyeza akasema, “Watano wameujaza ukuta vizuri, mwandishi. Wangekuwa pungufu ningehangaika na nafasi.”

Mama mdogo alirudi likizo rangi haijakauka. Anachechemea, na mkono wake wa kushoto una kovu la moto kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, na mtaa mzima unampenda kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Kinyozi amekata picha yake gazetini na kuibandika kwenye kioo, na wateja wakinyolewa hawajitazami wenyewe, wanamtazama yeye. Bombani akina mama wanampisha achote maji kwanza, naye anakataa, anapanga ndoo yake mwisho wa foleni. Mzee mmoja mstaafu wa reli kila asubuhi humpigia saluti na kusema, “Kamanda!” naye hujibu, “Mimi koplo tu, mzee wangu, kamanda yuko kambini,” na kesho yake mzee anarudia vilevile. Nami nampenda kuliko hao wote. Kila asubuhi ananipigia pasi sketi ya shule, rinda moja moja, kwa mkono ule wenye kovu, na nikimwambia apumzike ananiambia, “Simama wima, mhariri, usinichafulie kazi.”

Alipouona ukuta aligeuka, tukarudi nyumbani. Akachukua pasi, akaanza marinda, akaniuliza bila kuinua macho, “Nani kawapa hesabu ile?”

“Sijui, mama mdogo.”

Hakuuliza tena. Pasi ikakaa palepale mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Doa liko kwenye sketi yangu hadi leo, naenda nikilificha ndani ya rinda. Jioni alimwambia mama, “Dada, Ijumaa siendi. Siwezi kukaa chini ya ukuta ule.” Mama akacheka, akasema, “Risasi hukuziogopa, unaogopa picha?” Mama mdogo hakucheka. Sasa watu wote wanasema ni unyenyekevu, wanamsifu zaidi, na mimi peke yangu ndiye ninayejua.

Hayo pengine ningeyavumilia. Lakini Jumanne ya wiki hii, nikiwa zamu ya kufagia langoni, alikuja fundi saa, yule mwenye kibanda karibu na posta, ambaye ndiye huitengeneza saa ya shule yetu. Nikadhani amekuja kwa ajili ya saa. Alisimama mbele ya ukuta, akavua kofia, akasoma, akahesabu vivuli kwa kidole, kisha akamwendea mlinzi wetu.

“Ndugu yangu,” akasema, “mwanangu alikuwa ndani ya lile gari. Kama wote watano waliokolewa, wangu mimi yuko wapi?”

Mlinzi alimletea kiti chake mwenyewe. Mzee hakukikalia. Alivaa kofia akaondoka, na mimi nilikuwa nimeshika ufagio hatua nne kutoka pale na sikufungua mdomo.

Mshauri, mimi ndiye niliyechaguliwa kusoma risala hiyo Ijumaa, na mwalimu ameshaipitisha, na ndani yake kuna maneno “aliwaokoa askari wote watano”. Nimewaza kujifanya mgonjwa. Nimewaza kusoma “askari kadhaa” ili nisiseme uongo wala kweli. Nimewaza kuwaomba waufute ukuta wote, au angalau vile vivuli viwili vya mwisho. Uhariri nikinyang'anywa nitalia lakini nitazoea. Ninachoogopa ni siku mama mdogo atakapojua kwamba aliyemfanya ashindwe kukaa chini ya ukuta wa shule yetu ni mimi ambaye yeye ananinyooshea marinda. Bado natumaini ipo njia, ndiyo maana nimekuandikia. Gazeti lenu hutoka Jumatano, kwa hiyo ukinijibu mapema nitakuwa na siku mbili.

Wako mtiifu,
Mhariri wa Gazeti la Ukutani

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu Mhariri,

Siku mbili zinatosha. Mama yako mdogo alikuwa na dakika chache.

Nakuhurumia, na nitakwambia kwa nini kabla sijakugombeza. Umeandika kurasa tano na hujamlaumu Kasuku, hujamlaumu fundi wa mabango, hujamlaumu mwalimu. Mtoto anayejua kosa ni lake tayari ameshaanza kulitengeneza. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Watatu hawakutosha? Kila mmoja wa hao watatu ana mama yake. Kwenye nyumba tatu leo kuna mtu anarudi jioni, anavua viatu, analalamika chakula kimepoa. Nenda kaziambie nyumba hizo kwamba ni “watatu tu”. Tena fikiri jambo hili, wewe unayependa hesabu. Mtu anaweza kukimbilia moto mara ya kwanza kwa sababu hajui kuna nini. Anayerudi mara ya pili anajua. Anayerudi mara ya tatu mkono wake umeshaungua, na bado anakwenda. Kisha akageuka mara ya nne! Mimi nimekaa ofisini na barua yako mkononi, na hapo nilisimama kama alivyosimama baba yako. Ulikuwa na kweli iliyo kubwa kuliko uongo wowote, ukaipunguza kwa kuiongeza.

Tena uongo wako haukumwongezea mama yako mdogo kitu, ila uliwachukua vijana wawili ukawafuta. Ukisema wote waliokolewa, umesema hakuna aliyefia pale. Ndiyo maana mzee wa watu alihesabu kwa kidole. Na ndiyo maana shujaa wenu hawezi kukaa chini ya ukuta ule, kwa sababu wale wawili yeye hajawafuta, anao kila siku, hata akikupigia pasi.

Haya, machozi yatosha. Sikiliza.

Usijitie ugonjwa. Hiyo “kadhaa” yako pia sitaki kuisikia, ni kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia miguu ikionekana.

Leo, ukimaliza kusoma hapa, nenda kwa mama yako mdogo. Usiende na mama, usiende na hotuba. Mwonyeshe lile daftari la siku ya redio, lenye neno watatu na mstari chini yake, umwambie: “Nilijua, nikaandika watano, na uliponiuliza nikasema sijui.” Kisha nyamaza. Akikasirika, ana haki. Lakini nakwambia mimi niliyesoma barua za watu miaka mingi: mwanamke aliyeiacha pasi iunguze sketi, kisha asikuulize mara ya pili, huenda anajua mwandishi ni nani. Anakungoja umwambie.

Kesho alfajiri uwe mlangoni kwa mkuu wa shule. Mwombe jambo moja tu, risala uiandike upya. Uhariri akiuchukua, mpe. Kalamu itabaki kwako.

Ukitoka hapo nenda kwenye kibanda cha karibu na posta. Mwamkie mzee, mwambie ni wewe uliyeandika, na umwombe radhi ukiwa umesimama. Mwambie na ulichokisikia redioni, kwamba alikuwa ameshageuka kwenda mara ya nne. Hatujui angemtoa nani. Lakini mzazi anastahili kusikia kwamba kuna mtu alikuwa njiani kumfuata mwanawe. Kisha muulize mwanawe aliitwa nani, uandike jina hilo mbele yake, herufi kwa herufi, umwonyeshe kama umelipatia. Jina la yule mwingine mama yako mdogo atakupa, hakuna haja ya kumuuliza mtu mwingine. Na umwalike mzee Ijumaa, kiti cha mbele, kando ya koplo.

Sasa ukuta. Mchukue fundi wa mabango na kopo lake la rangi, na brashi ushike wewe. Futeni maneno. Lakini vile vivuli, mwanangu, usithubutu kuvigusa. Umeniandikia unataka kufuta viwili, na hapo ndipo nilipokaribia kukuchapa kutoka huku nilipo. Waliokuwa garini walikuwa watano. Wabaki watano. Juu yao andika: ALIKWENDA MARA TATU, AKAWALETA WATATU. Na chini ya wale wawili wa mwisho andika majina yao.

Ijumaa, vaa ile sketi yenye doa, na usilifiche ndani ya rinda. Soma ulichokiandika mwenyewe. Ukifika kwenye namba usipaze sauti wala usiishushe. Sema watatu, kisha uinue macho umtazame aliyeketi mbele yako. Kama nimemwelewa mama yako mdogo kutokana na barua yako, atakuwepo.