Gari la Baba Halitalala Tena Ghalani

Kitangari,
S.L.P. 47,
Newala.
12 Novemba, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Mahmudu,

Salamu zako nimezipata, marahaba. Hujambo huko Kigoma? Wifi Faidha amepona kile kikohozi? Sisi tunaamka, alhamdulillahi, ila nimechoka mpaka kwenye mifupa. Korosho zinadondoka kila siku na waokotaji ni mimi na binti yangu Hamida tu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikitaja gari, mtandao wako hukatika. Karatasi haikatiki.

Miezi kumi na tisa iliyopita uliniachia gari na masharti matatu: lilazwe ghalani lisipigwe jua, lifunikwe turubai, lisiwashwe mpaka Baba augue. Nikatii yote. Kumbe tuliwajengea panya nyumba, giza na joto, na magunia ya korosho mlangoni.

Jumatatu ya wiki iliyopita Baba alianguka uani, mkono wa kushoto ukalegea. Jirani yetu Bernard akaja kuendesha. Akazungusha ufunguo, kimya. Tukainua boneti: kiota kipana kama ungo, majani na sponji ya viti vyako, vitoto saba ndani. Nyaya kumi na moja zimetafunwa. Maganda ya korosho nilikuja kuyahesabu baadaye, mia mbili na sita. Bernard, ambaye kwao panya ni kitoweo, akasema, "Mama Hamida, kumbe una shamba la panya lenye matairi manne!" Sikucheka.

Baba tulimpeleka kituo cha afya kwa bodaboda, kabanwa kati yangu na dereva, kwa muda wa saa moja na dakika arobaini. Njiani akaninong'oneza, "Usimgombeze Mahmudu. Alininunulia kwa mapenzi." Nami sigombi, nahesabu tu. Mkono haujarudi, na ameandikiwa kliniki kila baada ya wiki mbili.

Fundi Yoeli kaja kutoka Masasi, kaunganisha nyaya. Nikamweleza kuwa pilipili niliweka, panya wakaizoea. Salfa ya mikorosho nikapuliza, tukakohoa sisi. Akanijibu, "Mama, panya hapangi nyumba inayotikisika."

Kwa hiyo turubai nimelitoa. Gari linalala uani, mchana boneti iko wazi. Magunia yamehamia chumbani kwangu, nalala nayo. Na kila Jumanne na Ijumaa Bernard ataliendesha kuchota maji, madumu arobaini, yetu na ya majirani. Matairi yatakwisha, najua. Sikuombi ruhusa, nakuarifu.

Leo limetoka mara ya kwanza. Baba alidai kiti cha mbele, hashushwi. Kijiji kizima alikipungia mkono wa kulia, kama mgombea.

Msalimie wifi na wanao, Tahiri na Swaumu. Hamida anakuamkia, shikamoo. Mungu akulinde, na akupe moyo wa kuja kumwona Baba angali anapunga.

Akupendaye hata akiwa amechoka,
dada yako,
Adija