Saini ya Jovitha

Sihaba, wamenikataa. Nakuandikia hapa hapa nje ya ofisi ya elimu.

Lile begi nililoibiwa kwenye kivuko cha Kigongo, lenye cheti changu cha ualimu na barua ya kazi! Kuna mwanamke amekwenda navyo hadi shule niliyopangiwa Magu, akapokelewa. Wiki ya tatu sasa anafundisha darasa langu. Wanamwita Mwalimu Jovitha Kahigwa.

Wanamwita mimi.

Nilimwambia karani, "Shikamoo mzee, Jovitha ni mimi." Akacheka. "Jovitha nimempokea mwenyewe, mcheshi kweli kweli. Wewe ndugu mbona hata kuniangalia unaogopa?"

Unanijua, Sihaba. Niliinama.

Nikamwomba anisaidie. Akanipa kalamu, "Haya, tia saini." Nikatia yangu, ile ile ya tangu chuoni. Akafungua jalada, akailinganisha na aliyotia yule mwanamke, akatikisa kichwa.

"Hailingani na ya Jovitha."

Hailingani na ya Jovitha! Saini yangu!

Nikasema basi waulizeni chuoni. Akasema majibu huchukua miezi, na nikienda polisi huenda nikashikwa mimi kwa kujifanya mtumishi wa serikali. Halafu akanionea huruma, na hapo ndipo nilipolia. "Binti, kama kweli umesoma, omba kazi upya. Ila safari hii tumia jina lako."

Amenipa fomu. Ninayo hapa magotini. Mstari wa kwanza wanauliza jina.